Jiwe la Lugoba, maji ya Kigamboni: kisa cha chemchemi ya ua mmoja

Kabla sijauona ua wenyewe nilikuwa nimeshatumiwa picha saba. Ya kwanza simba wa zege anayetema maji. Ya pili ukuta mweusi unaong'aa kama kioo, pazia la maji likiteremka mbele yake. Ya tatu mpira mkubwa wa jiwe unaozunguka wenyewe juu ya maji, picha ya hotelini Dubai. Nne zilizobaki zilikuwa simba wengine. Chini yake dada mwenye nyumba akaandika: “Fundi, tunataka chemchemi ya mawe, ya uani. Tuchagulie iliyo bora, utupe na bei.”

Sikutoa bei. Nilimjibu kwamba kabla ya kuzungumza habari za jiwe, nataka nione birika lao la chai kwa ndani. Alidhani namtania.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wateja wengi wanaanza pale alipoanzia yeye: wanachagua umbo, kisha jiwe, na mwisho kabisa ndipo wanauliza maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi. Mimi naenda kinyumenyume. Hapa naeleza kwa nini, na sitaficha pale nilipokosea mwenyewe.

Ua na watu wake

Nyumba iko Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba mabati ya jirani yameshaliwa na kutu. Ua wa kufanyia kazi ni mita 6 kwa 8, upande wa kusini, kati ya baraza na ukuta wa mpaka. Nyuma ya ukuta kuna barabara ya vumbi ambayo bodaboda wanaanza kuipita kabla ya adhana ya alfajiri. Ndani ya ua kuna mwembe mmoja, nyasi zilizokata tamaa, na mita kama tatu za kivuli kizuri mbele ya baraza.

Dada alitaka sauti ya maji izifunike pikipiki. Mumewe alitaka kitu cha kumsimamisha mgeni mlangoni, na aliyependa ule ukuta mweusi ni yeye. Bibi, mama mzazi wa mume, hakutaka chochote. Yeye ni mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Tanga, akahamia kwa mwanawe baada ya kufiwa. Mwaka 2019 dengi ilipoenea Dar es Salaam, katika nyumba nzima aliyeugua ni yeye. “Shikamoo bibi,” nilimwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza hata sijakaa: “Mwanangu, ndiwe unayetuletea mbu?”

Na kulikuwa na mtoto wa miaka miwili. Yeye hakuulizwa, ila mapenzi yake yalijulikana: popote penye maji atakwenda, tena kwa mbio.

Birika

Birika la chai lililetwa. Nililigeuza juani, ndani likawa na ganda jeupe unene wa ukucha. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Maji ya nyumba ile yanatoka kisimani, na visima vingi vya ukanda ule vina chumvi na chokaa ya kutosha. Bomba la mtaa lipo, lakini hakuna mtu Dar es Salaam aliyesahau mwishoni mwa mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likaingia kwenye mgao. Sitamjengea mtu pambo linalokunywa maji ya kupikia. Kwa hiyo chemchemi hii ingetumia maji ya kisima, na maji ya kisima yangeacha juu ya jiwe kile kile yalichoacha ndani ya birika, kila siku, maisha yake yote.

Bibi alikuwa anatutazama. “Kwetu birika si hilo,” akasema. Akaeleza lile la nyumba za Lamu: hodhi la kuogea lililojengwa chooni, lililosakafiwa kwa chokaa mpaka likawa laini kama yai, ndani yake vikiogelea visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, akasema, palichimbiwa bakuli la kauri, ili maji yakiisha samaki wabaki na pa kupumulia. Nimeyaona mahodhi hayo mwenyewe, na bado sijaona jawabu la mbu lililo zuri kuliko lile. Nikamwambia bibi kwamba yeye ndiye atakayeikagua kazi yangu. Hakucheka, lakini alisogeza mkeka akakaa karibu.

Kuondoa kabla ya kuchagua

Simba walitoka kwanza. Simba wa dukani si jiwe, ni zege lililomiminwa kwenye kalibu, na mara nyingi ndani yake kuna waya au nondo. Maji ya chumvi yakipenya hadi kwenye chuma, chuma kinaota kutu, kutu inavimba, simba anapasuka shavu. Mpira wa Dubai nao ukatoka. Mpira ule hauzungushwi na mashine. Umechongwa ukae sawasawa kabisa kwenye kikombe chake, na maji yanayosukumwa kutoka chini yanaunyanyua kwa utando mwembamba sana. Ganda kama lile la birika likijijenga kwenye kikombe, mpira unakwama, na ukikwama unabaki na jiwe la duara tu.

Ukuta mweusi ulichukua muda, kwa sababu baba alikuwa ameshaupenda na mimi sikutaka kumkatalia kwa maneno matupu. Nilimfanyia hesabu mezani. Ili maji yateremke kama pazia lisilokatika, kanuni ninayotumia ni lita 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa mdomo. Alitaka upana wa mita 1.2. Hiyo ni sentimita 120, yaani lita 18,000 kwa saa, zipandishwe kama mita mbili. Pampu ya kazi hiyo itakula wati 300 hivi. Ikitembea saa kumi kwa siku ni uniti 3, kwa mwezi uniti 90 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa ajili ya kutazama maji yakishuka. Tena ua ule unatazama kusini, na kuanzia mwezi wa nne upepo wa kusi unavuma mle moja kwa moja. Pazia jembamba la maji mbele ya kusi halibaki pazia, linakuwa manyunyu kwenye madirisha.

Kilichomaliza ubishi hata hivyo ni jiwe lenyewe. Graniti nyeusi iliyosuguliwa, zile zile wanazowekea jiko, haina mahali pa kuficha doa jeupe. Nikamwomba baba wiki mbili.

Wiki mbili za chupa

Jaribio lenyewe ni la kitoto, na ninalipendekeza kwa yeyote. Niliokota vipande vinne: mabaki ya graniti nyeusi kutoka karakana ya meza za jikoni, kipande cha jiwe la matumbawe la Kunduchi, jiwe bapa la kubandika ukutani, na kipande cha jiwe la kijivu kutoka Lugoba, kule Chalinze, yanakotoka malori mengi ya kokoto za jiji hili. Juu ya kila kimoja nikaning'iniza chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kizibo kwa sindano, ikidondosha maji ya kisima chao. Vyote vikawekwa mahali pamoja ukutani, jua la asubuhi likivipiga, kivuli kikivifika mchana. Msichana wa kazi alikuwa akijaza chupa asubuhi na jioni, na yeye ndiye aliyeniletea habari kwa simu.

Siku ya nne graniti nyeusi ilikuwa na duara nyeupe, kama pale kikombe cha chai kinapoacha alama mezani. Baba aliifuta kwa kitambaa, ikabaki. Akaifuta kwa siki, ikatoka, na mng'ao ukarudi. Akafurahi. Nikamuuliza kama atakuwa anasugua ukuta wa mita mbili kwa siki kila Jumamosi. Hakujibu, ila habari za ukuta mweusi sikuzisikia tena.

Jiwe bapa lilianza kuachia tabaka pembeni wiki ya pili. Huenda kipande changu kilikuwa kibovu, lakini sikutaka kujua zaidi.

Matumbawe ndiyo yaliyoniuma. Wiki ya pili yalikuwa yameshaota ukijani, yamekolea maji mpaka ndani, na ukiyakwangua kwa kucha unga unatoka. Nasema yaliniuma kwa sababu dada, baada ya kumwachisha simba, alikuwa ameshika wazo la ukuta mdogo wa matumbawe wenye kidaka, yaani shubaka la ukutani, na mfereji wa maji, wa Kiswahili hasa, na moyo wangu ulikuwa upande wake. Jiwe hili ndilo lililojenga pwani yetu. Husuni Kubwa, kasri la Kilwa, kazi ya mwanzoni mwa karne ya 14, ina bwawa la pembe nane lililojengwa kwa jiwe hilo hilo, juu ya genge linalotazama bahari. Lakini ukiwatazama vizuri mafundi wale wa zamani, hawakuwahi kuliamini tumbawe tupu lishike maji. Penye maji walilipiga lipu ya chokaa, wakaisugua mpaka ikafunga vitundu vyote. Jiwe lilikuwa mfupa, chokaa ndiyo ngozi. Dada alitaka mfupa uonekane na maji yapite juu yake, na hilo ndilo tumbawe lisiloweza. Ningeweza kumjengea hodhi lililosakafiwa, na visamaki vya bibi ndani yake, lakini hodhi ni maji wazi, na maji wazi yalikuwa na mtoto wa miaka miwili akiyasubiri.

Kipande cha Lugoba sasa. Nacho kilipata ganda. Kemia ya maji haina upendeleo. Ila jiwe lenyewe ni la kijivu lenye mistari myeupe na chembe zinazometa, na ganda lilipokaa juu yake lilionekana kama mstari mwingine wa jiwe. Ilibidi uguse ndipo ujue. Dada alikishika akakigeuzageuza, akasema, “Hiki mbona hakijachafuka?” Nikamwambia kimechafuka sawa na wenzake, tofauti ni kwamba uchafu wa maji yenu na jiwe hili ni rangi moja.

Nikiulizwa siku hizi jiwe gani ni zuri kwa chemchemi, jibu langu ni hilo: lile linalofanana na uchafu wa maji yako. Penye maji yenye chuma yanayoacha wekundu, ningetafuta jiwe la udongo udongo, la kahawia. Penye maji ya mvua tupu, yasiyo na kitu, hapo ndipo graniti nyeusi ya baba ingependeza.

Jambo moja nilitaje hapa maana linaponza wengi: ndimu. Kwa Tanzania ukisema “marumaru” fundi mmoja anaelewa vigae vya sakafu, mwingine anaelewa jiwe la marumaru lenyewe, na muuzaji anaelewa chochote ulichokishika. Kama huna hakika jiwe ni la jamii ya chokaa au la jamii ya graniti, likamulie tone la ndimu mahali pasipoonekana. La chokaa, yaani marumaru au tumbawe, litafanya povu dogo na kupoteza mng'ao hapo hapo. Graniti itakaa kimya. Hii ina maana pia kwamba jiwe la chokaa hutaweza kulisafisha ganda kwa siki wala ndimu, kwa sababu ganda na jiwe ni kitu kimoja na asidi itavila vyote viwili.

Safari ya jiwe

Lugoba nilikwenda na dada mwenyewe. Hapo awali nimewahi kumchagulia mteja jiwe kwa picha, na sitarudia, kwani picha haioneshi mgongo wa jiwe. Machimboni mawe makubwa yasiyofaa kusagwa yanasukumwa pembeni, na huko ndiko kwa kutafuta. Tulitaka lenye kimo cha sentimita 70 hivi, kitako kipana, kichwa kilichobonyea kidogo ili maji yakae kwanza kabla ya kushuka. Tulilolipata lilikuwa kama 70 kwa 60 kwa 50, la umbo la gunia lililokaa chini. Kwa sanduku la vipimo hivyo na uzito wa graniti, kama kilo 2,650 kwa mita moja ya ujazo, ungepata zaidi ya kilo 550. Jiwe la asili halijazi pembe zote, nikakadiria theluthi mbili, kama kilo 370. Vijana sita na magogo ya kuviringishia walitosha, na kwa uzito huo kuku wawili wa mchana si wengi.

Tulilimwagia maji pale pale machimboni kabla ya kulipa. Fanya hivyo siku zote. Jiwe kavu na jiwe bichi ni mawe mawili, na wewe unanunua lile bichi. Maji yanaonesha pia nyufa: uso ukianza kukauka, ufa unabaki mstari mweusi. Jiwe la kwanza tulilolipenda lilikuwa na mstari kama huo kuanzia kichwani hadi kitakoni. Tukaliacha.

Kilichomshangaza dada ni bei. Jiwe ndilo lililokuwa rahisi kuliko vyote. Lori la kulileta hadi Kigamboni lilizidi jiwe, na kutoboa kukazidi lori. Tundu la milimita 32 lipenye sentimita 70 za jiwe gumu halitobolewi kwa kekee ya nyumbani. Linatobolewa kwa mashine yenye kichwa cha almasi, huku maji yakimwagwa muda wote ili kichwa kisiungue. Fundi wetu alianza kutoka juu, akafika katikati, akaligeuza jiwe akaanza kutoka chini, wakakutana kwa kukosana nusu sentimita. Bomba lilipita kwa kulazimisha.

Kisichoonekana

Wageni wanaliona jiwe. Mimi naliona shimo.

Chini ya jiwe tulichimba tangi la bloku, ndani sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 70, yaani karibu lita 250. Likapigwa lipu yenye dawa ya kuzuia maji, likajazwa na kumwagwa mara tatu katika siku kumi ili ukali wa saruji mpya utoke. Juu likafunikwa kwa bamba la zege lenye nondo, na kuta za bloku zikabeba uzito wote. Bamba lina mlango wa kupitisha mkono na pampu, na matundu ya kurudisha maji. Juu ya matundu tukatandika wavu wa mbu wa chuma kisichopata kutu, tabaka mbili, kisha kokoto.

Wavu ule si pambo. Watu hudhani maji yakifichwa yameshapona na mbu. Mbu wa dengi anapenda hasa palipo na giza na utulivu, na tangi la chini ya ardhi lenye tundu wazi kwake ni kasri. Chemchemi ikitembea maji yanatikisika na hawezi kutaga kwa raha, lakini umeme ukikatika siku kadhaa, au familia ikisafiri wiki mbili, yai linapata muda wote linaouhitaji, maana kwa joto letu kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au siku kumi. Bibi alikuja na fimbo yake akachokoa kokoto mpaka akauona wavu, akapitisha kidole juu yake. “Haya,” akasema. Ndiyo sifa pekee niliyoipata kwake mwezi ule.

Pampu tulinunua ya volti 12, ili waya wa umeme mkubwa usifike kabisa kwenye maji, na transfoma ikakaa barazani mahali pakavu, nyuma ya kikata umeme. Kwenye boksi imeandikwa lita 2,500 kwa saa. Usiiamini boksi. Namba hiyo ni ya pampu isiyopandisha chochote. Yetu inapandisha maji kama mita 1.3, kutoka tangini hadi kichwani mwa jiwe, na mwisho wa uwezo wake wa kupandisha ni mita 2.5. Ukifikia nusu ya kimo hicho tarajia nusu ya maji. Nilikadiria lita 1,200 kwa saa, nikapima kwa ndoo na saa ya mkononi nikapata pungufu kidogo tu. Inakula wati 40, kwa hiyo saa kumi kwa siku ni uniti 12 kwa mwezi. Baba alikumbuka zile 90, akatikisa kichwa.

Sauti

Hapa dada alikuwa na haki ya kudai, kwa sababu sauti ndiyo aliyoililia tangu mwanzo, na jiwe linalolowa polepole halina sauti. Maji yanayoshuka yakiwa yameng'ang'ania jiwe ni ya kutazamwa tu. Ili yasikike lazima yaachie jiwe, yaanguke, na yaangukie maji. Yakiangukia kokoto kavu yanapiga makofi, hayaimbi.

Halafu kuna umbali. Maji hayazuii kelele za pikipiki, yanazifunika tu, na yanafunika kile kilicho mbali kuliko yenyewe. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti inashuka kama desibeli 6. Mpango wa mwanzo wa familia ulikuwa kuweka chemchemi kule ukutani, “ipambane na barabara.” Kule ingekuwa karibu na bodaboda kuliko masikio yao. Niliisogeza mpaka mita mbili kutoka baraza, kwenye kivuli, ambako pia mwani unachelewa kuota.

Kwa ajili ya maporomoko, fundi mchongaji alikata mdomo upande wa kaskazini wa jiwe, unaotazama baraza: mfereji mwembamba kuanzia kichwani, unaishia kwenye kibanzi kilichojitokeza. Sehemu ya maji inaachia jiwe hapo na kuanguka sentimita 25 kwenye bakuli la jiwe lenye kina cha sentimita 4. Kina hicho nilikifikiria usiku mzima, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache sana. Jawabu lilikuwa tundu la milimita 5 chini ya bakuli. Pampu ikiwaka, maji yanaingia haraka kuliko yanavyotoka, bakuli linajaa. Ikizimwa, bakuli linakauka lenyewe baada ya dakika chache, na hapo hakuna maji ya mtoto wala ya mbu. Pampu inawashwa kwa swichi iliyo barazani, juu, watu wakiwa wamekaa pale.

Nilipokosea

Baba alikuwa ameshaacha ukuta, simba na mpira, nikamwonea huruma. Aliomba angalau maji yaruke juu ya jiwe, shibiri moja tu ya mkono. Nikampa. Tulifungua mwezi wa saba, kusi ikiwa katika nguvu zake, na nilikuwa nimeshasema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba ua ule unatazama kusi.

Siku ya pili dada alipiga simu: mito ya baraza imelowa. Siku ya tano pampu ilianza kukoroma, maana ilikuwa inavuta hewa. Tuliweka kijiti chenye alama ndani ya tangi. Kwa eneo la tangi lile, kila sentimita moja ya kina ni lita 3.6. Kwa siku moja maji yalishuka sentimita 6, zaidi ya lita 21, karibu ndoo nzima ikibebwa na upepo na kumwagwa kwenye mito ya watu. Bibi alikuwa na neno moja tu kwa jambo hilo, israfu, na alilisema kila nilipopita.

Nilikata bomba la juu sentimita nne chini ya uso wa jiwe, maji yakawa yanavimba kichwani badala ya kuruka, kisha yanatafuta mdomo. Nikapunguza pampu kwa valvu. Jiwe lenyewe likawa kinga: kusi inalipiga mgongoni na maporomoko yako upande wa pili. Kijiti kikaanza kuonesha sentimita 2 kwa siku, kama lita 7, nyingi zikiwa za mvuke, ambao hauna dawa. Baba alisikitika, kisha akaweka taa ndogo chini ya bakuli, usiku kivuli cha maji kikawa kinacheza kwenye dari ya baraza. Wageni sasa wanasimama hapo kuliko ambavyo wangesimama kwa maji ya kuruka.

Ningelifanya upya, mlango wa tangi ningeuweka upande wa ukutani. Uko upande wa baraza, na kila mwezi wa kusafisha pampu dada analazimika kusogeza viti.

Mwezi wa kwanza kaskazi ilipoingia nilipita bila kuitwa. Nyumba yenyewe inaikinga kaskazi, kwa hiyo bakuli lilikuwa tulivu, na ndege shore walikuwa wanakunywa. Ganda jeupe limeshajijenga chini ya mdomo, utepe wa vidole vitatu, limeungana na mstari wa jiwe kana kwamba lilitoka nalo Lugoba. Barabarani pikipiki zilikuwa zinapita. Ukikaa kwenye kiti cha karibu unazisikia kwa mbali, ukikaa cha mwisho unazisikia kama zamani. Bibi alikuwa kwenye kile cha karibu, tasbihi mkononi. Aliniuliza kama lile tangi la chini lina nafasi ya visamaki. Nikamwambia kuna giza, hawataona. Akafikiri kidogo, akasema basi nimchongee tundu la mwanga.